Uhariri Upi Unaoutaka?

Mwezi uliopita, jua likiwa limekwisha kupunga nami nimejinyosha barazani na gazeti la juzi, alinijia binti mmoja, mjukuu wa jirani yangu, amekumbatia bahasha ya kaki iliyohifadhi shahada yake ya lugha na fasihi. Na baada ya shikamoo na marahaba, na baada ya kuulizana hali za wazee wake mmoja mmoja kama ilivyo ada, akasema amekuja kutaka shauri, kwa sababu amesikia kuwa nimepata riziki yangu kwa vitabu vya watu wengine muda wa miaka isiyopungua 30, naye anatamani kuwa mhariri. Nikamuuliza, "Mhariri wa namna gani, mjukuu wangu?" Akanyamaza.

Sikumlaumu. Vyuo vyetu humfundisha kijana historia ya fasihi, nadharia zake na wahakiki wake, walakini havimwambii kwamba baina ya mwandishi aliyeweka kalamu chini na msomaji anayefunua ukurasa wa kwanza wamesimama watu sita au saba, aghalabu wote wakiitwa kwa jina hilo moja la mhariri, ilhali kazi zao zimeachana kama ya mwashi ilivyoachana na ya seremala, ingawa wote wawili wakiulizwa watajibu kuwa wanajenga nyumba. Mtu aendaye soko la samaki la Feri alfajiri akamwambia mchuuzi, "Nataka samaki," atatazamwa kwa mshangao, maana hapo pana changu na tasi, nguru na jodari, na kila mmoja ana bei yake, mapishi yake na mlaji wake. Na kijana anayepeleka barua ya maombi kwa mchapishaji akisema tu kwamba ataka uhariri hupokelewa kwa mshangao uo huo, kisha barua yake huwekwa chini ya nyingine zinazofanana nayo.

Wajuzi wa lugha watakukumbusha kwamba neno hili tumelipokea kutoka Kiarabu, kwamba mzizi wake ndio uliozaa neno huru, hata mhariri akawa kwa asili yake mtu aachaye huru, na kwamba hariri, kile kitambaa laini cha fahari, hufuata herufi zizo hizo. Mimi si mpenzi sana wa michezo ya mizizi ya maneno, kwa kuwa humfurahisha msemaji kuliko inavyomfaa msikilizaji; lakini nikiulizwa nitashuhudia kwamba nimewaona wahariri wachache walioufanya mswada kuwa hariri, na wengi zaidi waliouingiza utumwani.

Kwa hiyo kipimo nilichompa binti yule, ambacho nampa na wewe msomaji unayefikiri habari hii, ni kutafuta kitabu kibaya, si kizuri, kwa maana kitabu kizuri humlevya kila mtu sawasawa. Kisome kwa nusu saa pasipo kalamu mkononi, kisha ujichunguze kwa insafu ni kitu gani kilichokuudhi kwanza. Yupo atakayeudhiwa na herufi iliyopinduka kabla hajajua hadithi inahusu nini. Yupo asiyeiona herufi hiyo kabisa, ila sentensi iliyokwenda mrama humuwasha kama upupu. Mwingine husamehe herufi na sentensi, lakini hawezi kustahamili sura ya tano iliyopaswa kuwa ya kwanza, na mwingine hukifunga kitabu chote akasema, "Hiki si kitabu kilichohitajiwa, kilichohitajiwa ni kile ambacho hakuna aliyekiandika bado." Watu hawa wanne hawafai kukalia kiti kimoja, na dhiki kubwa niliyoiona katika kazi hii imetoka kwa watu hodari waliowekwa mahali pa wenzao.

Anayeudhiwa na herufi ndiye msoma prufu. Prufu ni nakala ya majaribio, kurasa zikiwa zimekwisha kupangwa, na anayeisoma ni bawabu wa mwisho: si juu yake kuipamba sentensi wala kubishana na mwandishi, kwa sababu kila neno linaloongezwa hapo husukuma mstari, mstari ukasukuma ukurasa, na ukurasa ukaiharibu faharasa nzima. Katika nyumba nilizofanya kazi tulikuwa na desturi tuliyoirithi kwa Waingereza, kwamba kosa la mpanga chapa hutiwa wino mwekundu na badiliko la mwandishi au la mhariri hutiwa wino wa buluu, wala haukuwa urembo, kwani kosa lake mpanga chapa alilisahihisha kwa gharama yake, na badiliko letu tulilipishwa sisi. Hata leo, ambapo alama hizi huwekwa katika kompyuta, swali la nani alipe lipo pale pale.

Lugha yetu ina mitego yake ambayo msoma prufu sharti aijue kama nahodha ajuavyo miamba. Kituo kidogo cha juu kikidondoka, ng'oa ya kung'oa mti yageuka ngoa, ambayo ni wivu na tamaa; dhamini na thamini zimeachana kwa herufi ya mwanzo tu, moja ikimpeleka mtu mahakamani kumtolea mwenziwe dhamana na nyingine ikimkalisha kitako kwa heshima. Katika mwaka wangu wa pili kazini, kitabu cha watoto wa shule kilichoeleza mila za ndoa kilipita mikononi mwangu mara mbili, kikatoka mtamboni kikisema kwamba bwana arusi hupeleka mahali kwa wazazi wa bibi arusi, na mwalimu mmoja wa bara akatuandikia barua ya adabu kabisa akiomba aelezwe ni mahali gani. Nakala 5,000 zilibandikwa vipande vya karatasi vyenye neno mahari, kimoja kimoja kwa gundi, na wabandikaji tulikuwa sisi. Programu za kompyuta zinazopigia mstari maneno yenye kasoro zisingeliniokoa siku ile, kwa maana mahali ni neno sahihi na mahari ni neno sahihi, na mashine haijui harusi wala posa.

Kwa anayekitaka kiti hiki nasema: soma prufu asubuhi, kabla macho hayajachoka, weka rula chini ya mstari, vipitie vichwa vya habari peke yake na tarakimu peke yake, kwa kuwa makosa makubwa hujificha mahali pakubwa, hata jaladani, na ukimpata mwenzako, mmoja asome kwa sauti kutoka mswada na mwingine afuate kwenye prufu, pamoja na vituo vyote. Wala usikubali kusoma prufu ya kitabu ulichokihariri mwenyewe, kwa kuwa jicho lako litaona ulichokikusudia, si kilichochapwa.

Anayewashwa na sentensi ni mhariri wa lugha, na hapa nitakawia kidogo, kwa sababu ndicho kiti nilichokikalia muda mrefu kuliko vyote na ndicho kinachodhaniwa kuwa rahisi na kila mtu aliyezaliwa akisema Kiswahili. Mwaka 1928 mkutano uliofanyika Mombasa ulikichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili cha vitabu na shule katika Afrika ya Mashariki, na mwaka 1930 ikaanza ile Kamati ya Lugha, ambayo miongoni mwa kazi zake ilikuwa kuisoma miswada na kuvipa ithibati yake vitabu vilivyofuata kanuni. Na Shaaban Robert, ambaye kila mwandishi wetu ni mwanafunzi wake apende asipende, alikuwa miongoni mwa waliohudumu humo. Kamati ile ilitutendea hisani kubwa, kwa maana bila ya tahajia moja mtoto wa Kigoma na mtoto wa Lamu wasingesoma kitabu kimoja. Lakini ilitulea pia wahariri wa vizazi viwili katika dhana kwamba kila kisichokuwa Kiunguja ni kosa.

Madhara ya dhana hiyo huonekana zaidi katika mashairi. Mshairi wa Mombasa au Lamu akiandika mato, mhariri mwenye kalamu nyepesi ataandika macho, akidhani amesanifisha. Mizani imebaki ile ile, ni kweli, walakini kina cha to kimekwenda na maji, na ubeti mzima umekaa kama meno yenye pengo. Vivyo hivyo nti ikifanywa nchi, na mai yakifanywa maji. Nami nilifanya hivyo ujanani, kwa mshairi mzee ambaye sasa amekwisha kutangulia mbele ya haki, naye hakugomba, alinirudishia kurasa zangu ameandika pembeni kwa penseli, "Je, na jina langu tulibadili?" Tangu siku ile nimeshika amri moja, kwamba mhariri wa lugha hafuti neno asilolijua kabla ya kulitafuta katika kamusi tatu na kumuuliza mtu mmoja wa mahali lilikotoka.

Ustadi wa kiti hiki umo katika kuuliza. Usimwandikie mwandishi "hii si sahihi", bali mwandikie "je, hapa ulikusudia kwamba kaka ndiye aliyeondoka, au baba?", maana katika swali la namna hiyo mwandishi huona mwenyewe shimo alimotumbukia, akatoka kwa miguu yake. Usome mara ya kwanza pasipo kalamu, ili ujue kitabu chataka kuwa nini. Mara ya pili uandike. Mara ya tatu upitie majibu ya mwandishi, ukikubali kushindwa pale alipo na haki. Weka kando karatasi ya maamuzi, ambamo utaandika kwamba kitabu hiki kitasema arusi wala si harusi, mswada wala si muswada, na tarehe zitaandikwa kwa namna gani, ili bibi arusi wa ukurasa wa 10 asije akawa bibi harusi katika ukurasa wa 40. Na usidhani kuna mtu mkubwa asiyehitaji kupitiwa maneno yake: Mwalimu Nyerere alitoa tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare mwaka 1963 kwa jina la Julius Caezar, kisha, akiwa amebeba mizigo yote ya nchi, aliirudia mwenyewe, akaitoa upya mwaka 1969 ikiitwa Juliasi Kaizari. Rais wa dola aliporidhia kulisahihisha hata jina lililokuwa jaladani, sioni kwa nini mwandishi wa riwaya ya kwanza akasirike akiambiwa habari ya koma.

Kiti cha tatu, cha yule anayeudhiwa na sura iliyokosewa mahali, kwetu hakina chumba chake katika nyumba nyingi za uchapishaji, kwa kuwa zimezoea kumtwika mtu mmoja kazi zote. Hata hivyo kipo, na wenye kipaji chake ni adimu. Huyu hagusi maneno. Husoma mswada wote, akakaa nao siku mbili tatu bila kuandika kitu, kisha akamwandikia mwandishi barua ya kurasa mbili au tatu, akitaja kwanza lililo jema kwa ukweli, si kwa kubembeleza, halafu akaeleza ni wapi hadithi ilipolala, ni nani aliyeingia bila kazi, na ni jambo gani tuliloahidiwa mwanzo nalo halikulipwa. Hadhari yake moja ni kwamba asitoe dawa kwa ukali kama alivyoutaja ugonjwa. Mwandishi akirudi na suluhisho ambalo wewe hukulifikiria, nalo likawa bora kuliko lako, ujue umeifanya kazi yako barabara.

Sasa nije kwa yule wa nne, mwenye kuona kitabu ambacho hakijaandikwa. Huyu ndiye mhariri anayetafuta na kuagiza miswada, na ndiye watu wa nje wanayemwazia wanaposema neno mhariri, wakimwona amekaa katika kiti cha ngozi akikataa na kukubali. Kwa hakika hakai sana. Mwezi wa Juni mwaka 1962, waandishi wa Kiafrika walipokutana Makerere, mwanafunzi mmoja wa chuo kile alibisha hodi mlangoni kwa mwandishi Chinua Achebe na mswada mkononi. Mwanafunzi ni Ngũgĩ wa Thiong'o, wakati ule akiitwa James Ngugi, na mswada ni ule uliotoka mwaka 1964 kwa jina la Weep Not, Child katika mfululizo wa waandishi wa Afrika ulioanzishwa na Heinemann mwaka uo huo wa 1962, ambao Achebe alikuwa mhariri mshauri wake kwa miaka kumi. Kinachonipendeza katika kisa hiki ni kwamba mgeni aliyechoshwa na mikutano ya mchana alifungua mlango. Nimewajua wahariri waliosoma vizuri kuliko wote, wasiofungua mlango, na rafu zao zikawa na vitabu vya rafiki zao tu.

Mhariri mwingine wa namna hii, Henry Chakava, aliingia katika ofisi ya Heinemann ya Nairobi akiwa mhariri mwaka 1972, na mwaka 1980 nyumba aliyoiongoza ikatoa riwaya ya Ngũgĩ kwa Kikuyu, Caitaani Mũtharaba-inĩ, iliyoandikwa gerezani Kamiti juu ya karatasi za chooni, na kuitoa kukamletea mchapishaji huyo vitisho. Mwaka 1992 nyumba ile ikapata jina la East African Educational Publishers, mikononi mwa wenyeji. Katika mwaka ule ule wa 1972 Walter Bgoya alishika uongozi wa Tanzania Publishing House mjini Dar es Salaam, na nyumba hiyo, ikishirikiana na Bogle-L'Ouverture ya London, ikatoa kitabu cha mwanahistoria Walter Rodney kuhusu namna Ulaya ilivyoidumaza Afrika. Baadaye, mwaka 1991, Bgoya akaanzisha Mkuki na Nyota. Nawataja hawa, kijana, ili ujue kwamba kiti hiki hudai moyo, na hudai hesabu zaidi ya moyo, kwa sababu kila uamuzi wa namna hiyo ulipitia kwanza katika karatasi yenye gharama ya karatasi, idadi ya nakala, bei ambayo mwalimu ataweza kuilipa, punguzo la muuza vitabu, na mrabaha wa mwandishi, ambao aghalabu ni asilimia 10 au zaidi kidogo. Ukiwa wazichukia hesabu, basi ukae na sentensi, hakuna aibu.

Na karibu na meza ya huyo anayeagiza miswada utamkuta mhariri msimamizi wa uzalishaji, ambaye hasifiwi na mtu, lakini asipokuwapo hakuna kitabu. Huyu hujua kwamba karatasi kubwa ya mtambo ikikunjwa hutoa kurasa 16, na kwamba kitabu cha kurasa 96 ni mikunjo sita kamili, ilhali kitabu cha kurasa 97 ni balaa. Hivyo huja kwako usiku akakuomba uondoe mistari minane, nawe ukamchukia, na baada ya mwezi ukamshukuru. Yeye ndiye anayeomba namba ya kitabu, ile ya tarakimu 13 ambayo ndani yake 9966 humaanisha Kenya, 9970 Uganda, na 9976 au 9987 Tanzania. Ndiye anayemfuata mchoraji aliyepotea. Ndiye anayehesabu vidole vya mtoto katika picha, kwa kuwa wachoraji, Mungu awaongoze, huchora mkono wenye vidole sita mara nyingi kuliko unavyodhani. Mwenye tabia ya kupanga mambo, asiyesahau tarehe na asiyependa sifa, hapa atapata kazi upesi kuliko mshairi.

Lakini lazima niseme jambo ambalo vijana wa fasihi hawapendi kulisikia. Katika nchi zetu mkate wa uchapishaji ni kitabu cha shule. Riwaya huchapwa kwa heshima, na kitabu cha hisabati cha darasa la nne hulipa kodi ya nyumba. Kwa hiyo nafasi nyingi utakazoziona Nairobi, Dar es Salaam na Kampala ni za wahariri wa masomo: wa sayansi, wa jiografia, wa Kiswahili, na aghalabu huchukuliwa walimu waliowahi kushika chaki, kwa sababu wao hujua mtoto hukwama wapi. Kazi yenyewe ni kuoanisha kila ukurasa na muhtasari wa somo, kuandaa mwongozo wa mwalimu, na kukifikisha kitabu mbele ya taasisi ya mitaala, ambayo itakipitisha au kukirudisha. Na huko Tanzania, ambako vitabu vya kiada vimekuwa kazi ya Taasisi ya Elimu yenyewe, wachapishaji wamebaki zaidi na vile vya ziada. Mtaala ukibadilika, rafu nzima hufa kwa siku moja. Waliokuwapo Kenya mwaka 1985 ulipoanza mfumo wa 8-4-4 wanakumbuka, na waliokuwapo mwaka 2019 ulipoanza mtaala wa umilisi wamelirudia somo. Na kila kifo cha namna hiyo huwa ni ajira kwa wahariri, maana vitabu vyote sharti viandikwe upya kwa haraka isiyo na huruma. Usikidharau kiti hiki. Mimi nilikidharau miaka mitatu, nikawa na njaa miaka mitatu.

Habari ya magazeti nitaipita mbio, kwa maana ina wasemaji wake: huko yupo mhariri wa habari anayetuma waandishi, na mhariri msanifu anayekata na kuweka kichwa, na saa ndiyo bwana wa wote. Anayependa kuona kazi yake kesho asubuhi na kuisahau keshokutwa aende huko. Kitabu humtaka mtu anayeweza kungoja miaka miwili.

Na wapo wanaoweza kungoja zaidi. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, iliyorithi kazi ya ile Kamati mwaka 1964, ilitoa Kamusi ya Kiswahili Sanifu mwaka 1981, na hesabu ya miaka iliyo baina ya tarehe hizo uifanye mwenyewe. Mhariri wa kamusi ni mtu anayeweza kulala na neno moja, tuseme kaa, ambalo ni kuketi, ni la moto, na ni yule wa pwani, akaamua ni vitomeo vingapi na kipi kitangulie, kisha akaamka siku ya pili akaanza jingine, pasipo kutamani kumaliza. Jamaa yake wa karibu ni mhariri wa miswada ya kale, na kazi hii ndiyo niliyoihusudu maisha yangu yote bila kuipata. Tungo za Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki karibu na mwaka 1840, tusingekuwa nazo leo kama Mwalimu Sikujua bin Abdallah asingezikusanya kutoka vinywani mwa watu na kumpa Mmisionari Taylor, ambaye aliandika maelezo pembeni. Karatasi zikafika London, mhariri aitwaye Hichens akazitoa katika diwani mwaka 1940, na Mohamed Abdulaziz akazifanyia uchunguzi mpya katika kitabu chake cha mwaka 1979. Hesabu mikono iliyopita hapo. Kila mmoja alikuwa mhariri, na wa kwanza, aliyeamua ni ubeti upi wa Muyaka na upi si wake, ndiye tunayemtaja kwa nadra kuliko wote.

Ugumu wa kazi hii ya miswada ya kale ni huu, kwamba hati ya Kiarabu kama ilivyotumiwa pwani haikuwa na herufi ya pa wala ya va kwa desturi ya waandishi wengi, hata pata na bata zikaandikwa sawa, na vua na fua zikaandikwa sawa, na alama moja ikabeba e na i; basi mhariri husimama mbele ya mstari wenye njia nne za kusomeka, naye hana msaada ila mizani, vina, akili na wazee. Nyumba za Lamu, Pate, Unguja na Mombasa bado zina makasha ambayo hayajafunguliwa na mtu anayejua kusoma kilichomo. Kijana aliyesoma chuoni Kurani utotoni, akajua hati hiyo, kisha akasoma isimu chuo kikuu, ana hazina mbili ambazo ni nadra kukutana katika kichwa kimoja, na ningemsihi asiende kuomba kazi benki.

Kuhusu kujitegemea, ambako wengi hukimbilia siku hizi, kwa kuwa nyumba za uchapishaji zimepunguza watu wa kudumu na kutoa kazi nje kwa malipo ya kila ukurasa, nina maneno machache ya dukani. Usianze kazi bila mapatano ya maandishi, hata kwa rafiki, na hasa kwa rafiki. Andika humo kazi ni ipi, kwa sababu mtu atakuita usome prufu, na ukifungua mswada utaona kwamba ataka aandikiwe kitabu. Omba kurasa kumi za katikati, si za mwanzo, kwa maana mwanzo kila mwandishi ameoga na kuvaa. Pima ni kurasa ngapi wazimaliza kwa saa, kisha ndipo utaje bei. Chukua theluthi ya malipo kabla, na usirudishe mswada wa mwisho kabla hujapata iliyobaki. Hifadhi nakala ya kila hatua, kwa kuwa siku ya ubishi atakayeshinda ni mwenye karatasi. Na usibadili kitu bila kuacha alama yake ionekane, hata kiwe kituo kimoja; mwandishi akigundua badiliko la siri hatokuamini tena katika yale mia uliyoyafanya wazi.

Ama njia ya kuingilia, kama huna mjomba katika nyumba hiyo, ni ile ya mlango mdogo: kuomba kusoma prufu au kutunga faharasa, kazi ambazo wenye vyeo huzikimbia. Barua yako iwe ya ukurasa mmoja, itaje vitabu viwili vya nyumba hiyo ulivyovisoma na kitu kimoja cha kweli ulichokiona ndani yake, na iwe safi, maana barua ya kuomba uhariri yenye kosa la tahajia imekwisha kujijibu. Nenda kwenye maonyesho ya kimataifa ya vitabu ya Nairobi, ambayo kwa desturi huwa mwezi wa Septemba, usimame kwenye vibanda, uwaulize wauzaji, si wakurugenzi, ni vitabu gani watu wanaviuliza wasivipate.

Binti yule aliyasikiliza haya yote, mengine nikiyasema na mengine nikiyasahau, kisha nikampa kurasa 16 za riwaya ya kijana mmoja niliyekuwa nikimsaidia, pamoja na kalamu nyekundu, nikamwambia arudi Alhamisi. Alirudi Jumatano. Nikavaa miwani, nikapitia: alikuwa ameona makosa manne ya herufi, na saba yalikuwa yamempita, mawili kati yake kwenye kichwa cha sura, nami nikaanza kumwonyesha kwa upole ule wa kinafiki tulionao wazee. Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akafunua ukurasa wa 4, akaweka kidole, akafunua ukurasa wa 13, akaweka kidole cha pili, akasema, "Babu, huyu bibi hapa wamekwisha kumzika, na hapa anachambua mchele."

Nilikuwa nimezisoma kurasa zile mara tatu.